Uzi: Riwaya zilizonifundisha siasa za Uturuki, kuanzia saa ya ukutani hadi ushungi

Mtoto wa Chumbageni

Wakuu, salaam.

Kila uchaguzi wa Uturuki ukikaribia, humu ndani tunarudia mabishano yale yale. Huyu anasema Rais Erdoğan ameirudishia dini heshima yake, yule anasema ameibomoa nyumba aliyoijenga Atatürk, mwasisi wa Jamhuri, na kufikia ukurasa wa tatu watu wanatukanana. Mimi nilisoma Eskişehir miaka mitano, mwaka wa kwanza wote nikijifunza lugha tu. Nilishuka kule na mgawanyo huo huo kichwani: wacha Mungu huku, wasioitaka dini kule.

Haukudumu wiki mbili. Mzee aliyenipangisha chumba alikuwa ametundika picha ya Atatürk sebuleni, Ramadhani anafunga yote, na Ijumaa haimpiti. Ana mabinti wawili. Mkubwa anavaa ushungi, mdogo havai, na kila mmoja wao ameshawahi kulia kwa ajili ya kitambaa hicho. Mkubwa alikuwa mwanafunzi baada ya Februari 1997, jeshi lilipoibana serikali ya waziri mkuu Erbakan, mwanasiasa wa mrengo wa dini, na marufuku ya hijabu vyuoni ikakazwa. Alikuwa akivaa nywele za bandia juu ya nywele zake ili mlinzi wa getini amruhusu kuingia kwenye mtihani. Mdogo alikulia enzi nyingine, akaja kusemwa na majirani kwa nini dada yake amejistiri na yeye anatembea hivyo. Sasa baba yao utamweka kambi gani?

Mwalimu wetu wa lugha alichoka na maswali yangu. Siku moja aliniandikia majina ya riwaya kwenye karatasi, akaniambia taarifa ya habari nitaikuta tu, nianze na hivi vitabu. Vingine nimevisoma kwa Kituruki nikiwa na kamusi pembeni, vingine kwa Kiingereza. Nataka niweke hapa nilichokiona humo, maana naamini tunaisema vibaya nchi ile.

Naanza na saa, kwa sababu hapo Mswahili ana macho ambayo Mzungu hana.

Ahmet Hamdi Tanpınar aliandika riwaya iitwayo *Saatleri Ayarlama Enstitüsü*, yaani Taasisi ya Kurekebisha Saa. Ilitoka gazetini kwa mfululizo mwaka 1954, ikawa kitabu mwaka 1961. Msimulizi ni Hayri İrdal, mtu fukara aliyekulia mikononi mwa mzee mmoja mtunza saa, wale waliokuwa wakikaa kwenye kijumba karibu na msikiti kupiga hesabu za nyakati za swala. Mzee yule anaiona saa kama kiumbe: inaumwa, inachoka, inahitaji huruma. Baadaye Hayri anakutana na bwana mjanja, Halit Ayarcı, na wawili hao wanaanzisha taasisi ya serikali ambayo kazi yake ni kuhakikisha saa zote za mji zinakwenda sawa. Ukikutwa saa yako imechelewa, faini. Taasisi inakua, inajaza ndugu na jamaa, inajenga jengo kubwa. Wanafika hadi kumbuni sheikh wa kale ambaye hakuwahi kuwepo, wakamwandikia na kitabu cha maisha yake, ili taasisi ionekane ina mizizi.

Msomaji wa Ulaya anaiona ni riwaya ya kuchekesha kuhusu urasimu. Sasa nisikilizeni. Kabla ya 1926, tangu enzi za Waosmani waliotawala kabla ya Jamhuri, watu kule walihesabu saa kwa jua. Jua likizama ni saa kumi na mbili, na kila jioni mtu anarekebisha saa yake upya, kwa sababu jua halizami dakika ile ile kila siku. Siku mpya ilianza magharibi, kama wazee wetu wa pwani wanavyosema usiku wa Ijumaa wakimaanisha usiku ule unaotangulia mchana wa Ijumaa. Kuanzia 1 Januari 1926 Jamhuri ikaleta kwa sheria saa inayoanza usiku wa manane, pamoja na kalenda ya Ulaya. Ile ya zamani ikabaki kuwa ya watu waliopitwa na wakati.

Sisi simu inaonyesha 7:00 na mdomo unasema saa moja, wala hatuhisi kitu. Tunabeba saa mbili kichwani bila aibu. Hebu fikiria uamke asubuhi moja uambiwe saa moja ya bibi yako ni ushamba, na afisa anapita kukagua. Nilipoisoma Tanpınar kwa jicho hilo, nilimwona Hayri İrdal ni mtu aliyefiwa. Amefiwa na wakati wake, na hakuna aliyemruhusu kukaa matanga.

Nitaendelea na herufi, ngoja nipate nafasi.

---

Mzee wa Kwata

Nimesoma hadi mwisho. Endelea kijana, tuko hapa.

---

Mtoto wa Chumbageni

Shukrani mzee wangu. Herufi sasa.

Tarehe 1 Novemba 1928 bunge lilipitisha sheria ya kuacha herufi za Kiarabu na kuandika Kituruki kwa herufi za Kilatini, na mwanzoni mwa 1929 hata vitabu vilitakiwa kuchapwa kwa herufi mpya. Mwaka 1932 kikaanzishwa chombo cha lugha, kazi yake mojawapo kung'oa maneno ya Kiarabu na Kiajemi na kuweka ya Kituruki. *Muallim* akawa *öğretmen*. *Hürriyet* ikapata mwenzake *özgürlük*. *Cevap* ikaletewa *yanıt*. Tazameni hayo ya kwanza: mwalimu, uhuru, jawabu. Maneno yaliyoonekana ni mageni kule ndiyo sisi tunayatumia mchana kutwa bila kuuliza yametoka wapi. Mwaka 1927 Atatürk alitoa hotuba maarufu iliyochukua siku sita, saa 36 jumla, na leo vijana wa Uturuki huisoma ikiwa imerahisishwa kwa lugha ya sasa, kwa sababu Kituruki alichokitumia mwasisi wa taifa lao hawakielewi vizuri.

Haya ningeweza kuyasoma popote. Lililonishika ni jioni moja ya baridi. Mzee mwenye nyumba alileta bahasha ya picha za familia. Moja ina mtoto wa kike amesimama juu ya kiti, viatu vimefungwa kamba hadi kwenye kifundo. Huyo ndiye mama yake. Nyuma kuna maandishi ya wino, aliyaandika baba wa mtoto. Mzee yule, mstaafu wa reli, mtu anayesoma gazeti mpaka matangazo ya vifo, hajawahi kuweza kusoma alichoandika babu yake mzaa mama. Akanigeuzia picha, "Wewe si umesoma Kurani utotoni?"

Nimesoma chuo Tanga, na bibi yangu hadi anafariki aliandika barua za Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Kwa hiyo herufi nazijua, ila Kituruki cha kale sikijui. Nikaanza kutamka moja moja: qaf, za, mim, ha. Mzee akarudia kimya kimya, midomo ikicheza, kisha akasema, *kızıma*, kwa binti yangu. La pili nikalitamka "yadikar", nikaona ametulia. *Yadigâr*. Kumbukumbu, kitu cha kukumbukwa nacho. Halafu tarakimu, 1340, ambayo kwa hesabu ya kalenda yao ya zamani ni 1924. Kulikuwa na neno la tatu, lakini lilikuwa limefutika nusu, nikashindwa.

Mgeni kutoka Tanga anatamka bila kuelewa, mwenye lugha anaelewa bila kuweza kusoma, na kati yetu sisi wawili ndipo babu akaongea. Usiku ule nilielewa kwa nini riwaya zao zimejaa barua zinazopotea, madaftari ya marehemu, na watu wanaotafuta maandishi. Tangu hapo mtu akiniambia suala la Uturuki ni dini tu, namwambia kuna watu kule hawawezi kusoma kaburi la babu yao.

---

Fundi Rejeta

Mleta uzi unaandika vizuri, ila mimi napingana na wewe kwenye msingi. Riwaya ni mambo ya kubuni. Siasa ni jeshi, uchumi, vyama, nani ana viti vingapi bungeni. Mtu akitaka kuielewa Uturuki aangalie mapinduzi ya 1960, 1971, 1980, aangalie lira ilivyoanguka. Hisia za wahusika wa kwenye kitabu zinanisaidia nini?

---

Mtoto wa Chumbageni

Fundi, swali lako ni la haki na nalichukulia kwa uzito. Mapinduzi uliyoyataja ni lazima uyajue. Menderes alishinda uchaguzi mwaka 1950 akawa waziri mkuu, moja ya mambo yake ya kwanza ikawa kuruhusu tena adhana kwa Kiarabu baada ya miaka 18 ya kuadhiniwa kwa Kituruki, na Septemba 1961, baada ya jeshi kumpindua, akanyongwa. Bila kujua hilo huwezi kuelewa kwa nini wafuasi wa Erdoğan wanamlia Menderes mpaka leo. Lakini tarehe itakuambia jeshi lilitoka kambini siku gani. Aliyekuwa sebuleni usiku ule alifikiri nini, hilo huliambiwi na tarehe.

Chukua *Kar* ya Orhan Pamuk, maana yake Theluji, ilitoka mwaka 2002, mwaka ule ule AKP, chama cha Erdoğan, kiliposhinda mara ya kwanza. Mshairi anayeitwa Ka, aliyeishi uhamishoni Frankfurt miaka 12, anakwenda Kars, mji wa mpakani kaskazini mashariki. Anasema amekuja kuandika habari za wasichana waliojiua, baadhi yao wakihusishwa na marufuku ya hijabu. Theluji inafunga barabara zote. Mji umekatika na dunia kwa siku tatu, na ndani ya siku hizo kikundi cha maigizo kinafanya mapinduzi. Namaanisha maigizo ya jukwaani: ukumbi umejaa, mchezo ni wa kumsifu mwanamke anayevua ushungi, vijana wa shule ya dini wanazomea, askari wanapanda jukwaani na kufyatua bunduki kuelekea kwa watazamaji. Na watazamaji wanaendelea kukaa. Wengi wanadhani ni sehemu ya mchezo, hadi risasi ziendelee kutoka.

Nilikisoma kipande hicho mwaka 2015, nikaona Pamuk ametia chumvi.

Tarehe 15 Julai 2016 nilikuwa Eskişehir. Saa nne na kitu usiku televisheni ikaonyesha askari wamefunga daraja la Bosphorus kule Istanbul. Sebuleni tulikuwa watano. Kijana wa ghorofa ya juu akasema ni tahadhari ya bomu. Binti mdogo akasema labda ni mazoezi. Mzee hakusema kitu. Alisimama akavaa koti, akaniambia nijaze maji kwenye ndoo zote, akatoka kununua mikate. Yeye ndiye peke yake aliyekuwa mtu mzima Septemba 1980. Alirudi na mikate minane, anasema foleni ya mashine ya pesa imefika barabarani. Baadaye rais akaonekana kwenye skrini ya simu iliyoshikwa na mtangazaji, misikiti ikaanza kutoa wito kwa vipaza sauti usiku kucha, na kufikia asubuhi jaribio la mapinduzi lilikuwa limeshindwa, zaidi ya watu 240 wamekufa. Zile dakika kumi za kwanza, watu wazima wenye akili zao wakibishana kama wanachokiona ni kweli au la, nilikuwa nimeshazisoma.

Kuna jambo jingine kwenye *Kar*. Gazeti la mji linachapa habari kabla hazijatokea. Ka anasoma kwenye gazeti la kesho kwamba amesoma jukwaani shairi lake jipya. Analalamika kuwa hana shairi kama hilo. Mhariri anamjibu kwa upole kwamba asiwe na haraka, mambo mengi mjini yametokea kwa sababu tu wao waliyachapa. Na jioni Ka anapanda jukwaani, na shairi linakuja. Mimi sijaona maelezo bora kuliko hayo ya namna taifa linavyotungwa: kwanza linaandikwa, halafu watu wanapanda jukwaani kulicheza.

---

Nyota ya Likoni

Kaka, mimi niko Mombasa na nimekusoma tangu mwanzo nikiwa kazini. Lakini nataka nikuulize kitu, na usinikasirikie. Huyo Pamuk si mtoto wa matajiri wa Istanbul? Sisi wanawake tunaovaa hijabu tumechoka kuandikwa na watu wanaotutazama kwa mbali. Mwanamke wa kwenye hicho kitabu anasema mwenyewe ama anasemewa? Na watu wa vijijini je, wana mwandishi wao?

---

Mtoto wa Chumbageni

Dada yangu, sikukasirikii, umegusa penyewe. Pamuk ni mtoto wa Nişantaşı kweli, mtaa wa watu wenye nazo. Na ninadhani hilo linamtesa, maana amelitia ndani ya kitabu. Kwenye *Kar* kuna msichana anaitwa Kadife, kiongozi wa wasichana wa hijabu. Wenye mapinduzi wanamtaka avue ushungi jukwaani, wanaume wa upande wa pili wanamtaka asivue, na kila upande una sababu zake kubwa kubwa. Yeye anayabeba yote na bado anatafuta njia yake mwenyewe. Lakini mwishoni kabisa kijana mmoja wa Kars, Fazıl, anamwambia mwandishi: ukiniweka kwenye kitabu chako, nitawaambia wasomaji wasiamini chochote utakachosema juu yangu wala juu yetu, kwa sababu hakuna anayeweza kutuelewa kutoka mbali. Pamuk akayaacha maneno hayo palepale. Nilipoyafikia nilifunga kitabu, nikakaa. Na mimi ni mtu wa mbali.

Kuhusu watu wa bara kutazamwa na msomi wa mjini, ipo riwaya ya zamani zaidi, *Yaban* ya Yakup Kadri Karaosmanoğlu, ya mwaka 1932. Afisa aliyepoteza mkono vitani anakwenda kuishi kijiji cha Anatolia wakati wa vita vya ukombozi. Anadhani amekwenda kwa watu wake. Wanakijiji wanamwita *yaban*, mgeni. Anamwambia mmoja wao habari za Waturuki, na yule anamjibu kwamba wao si Waturuki, wao ni Waislamu alhamdulillahi, hao anaowasema wanaishi Haymana kule. Ukurasa ule mmoja umebeba karne nzima. Jamhuri ilitangazwa tarehe 29 Oktoba 1923, ukhalifa ukafutwa Machi 1924, na wanakijiji wale wakaambiwa kuwa wao ni Waturuki. Kitabu kina dharau kwa wanakijiji, siwezi kuificha, inaumiza kuisoma. Lakini dharau yenyewe ni ushahidi, maana ndiyo iliyokuja kulipizwa kwenye sanduku la kura.

Sasa waliojiandika wenyewe. Latife Tekin alihama kijijini akiwa mtoto akaja Istanbul. Kitabu chake cha mwaka 1984, *Berci Kristin Çöp Masalları*, kinahusu watu wanaojenga vibanda juu ya kilima cha takataka. Nyumba hizo Waturuki wanaziita *gecekondu*, maana yake iliyotua usiku: unaijenga giza likiingia, kukipambazuka ishasimama. Wabomoaji wanakuja mchana, watu wanajenga tena usiku. Upepo unaondoka na mapaa, na watoto wachanga wamo kwenye susu zilizofungwa kwenye mapaa hayo. Lugha yake ni ya ngano za bibi jikoni. Humo hakuna anayekuonea huruma kutoka dirishani.

Na Pamuk mwenyewe, kama vile amemsikia Fazıl, mwaka 2014 alitoa *Kafamda Bir Tuhaflık*. Humo mhusika mkuu ni Mevlut, anayeletwa mjini na baba yake mwaka 1969 kutoka kijiji cha mkoa wa Konya, akawa anauza boza usiku mtaani, ameweka mti begani, ndoo huku na huku. Boza ni kinywaji kizito cha mtama kilichochachuka kidogo. Mkinywa togwa mtaijua mara moja. Wateja wanamuuliza kila siku ina kilevi au haina, na Mevlut anawajibu haina, ingawa anajua inacho kidogo. Kwenye swali hilo dogo la ndoo ya boza mna siasa za Uturuki zote. Humo ndimo nilimuona mpiga kura wa AKP akizaliwa: mtu asiye na hati ya kiwanja, ana karatasi ya mwenyekiti wa mtaa tu, anategemea mjomba, mtu wa kwao, na mkandarasi anayejenga msikiti kilimani halafu anajenga maghorofa. Erdoğan alikulia Kasımpaşa, mtaa wa watu wa kawaida, akawa meya wa Istanbul mwaka 1994, na mwaka 1999 alikaa jela miezi minne kwa sababu ya shairi alilolisoma mkutanoni Siirt. Akina Mevlut walipomtazama waliona mtu wa mtaani kwao amefungwa kwa kusoma shairi. Baadaye wengine wamefungwa chini yake kwa kuandika, na hilo nalo liandikwe.

---

Fundi Rejeta

Hapo kwenye karatasi ya mwenyekiti wa mtaa umenipata. Nakubali. Ila bado hujagusa Wakurdi. Huwezi kuandika uzi wa utambulisho wa Uturuki ukawaruka.

---

Mtoto wa Chumbageni

Siwaruki, nilikuwa nawatafutia nafasi yao.

Yaşar Kemal. Wazazi wake walikuwa Wakurdi waliokimbia eneo la Van wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, wakahamia kijiji cha Waturuki kule Çukurova, bonde la pamba kusini. Nyumbani Kikurdi, nje Kituruki. Alipoteza jicho moja utotoni, na akiwa mdogo vilevile baba yake akauawa msikitini mbele yake. Mtu huyu, ambaye lugha ya mama yake haikuwa na shule wala gazeti halali, ndiye aliyekipa Kituruki riwaya inayopendwa kuliko nyingi, *İnce Memed* ya mwaka 1955. Inaanza na ardhi ya miiba. Mtoto Memed analima pekupeku, miiba inamchana miguu hadi magotini, na sehemu kubwa ya mavuno inakwenda kwa Abdi Ağa, bwana wa vijiji vitano. Mwishoni wanakijiji wanaichoma ile miiba kabla ya kulima, moto unatambaa bondeni usiku kucha. Neno Mkurdi halihitajiki kutajwa ili uelewe nani anaongea. Na ndivyo ilivyokuwa miaka mingi: uliweza kuwa Mkurdi mkubwa sana Uturuki mradi useme kwa Kituruki. Sheria ya mwaka 1983 iliyokizuia Kikurdi ilifutwa mwaka 1991 tu. Yaşar Kemal alipokuja kusema waziwazi, katika makala iliyotoka Ujerumani mwaka 1995, alipelekwa mahakamani, naye ameshavuka miaka 70. Mehmed Uzun aliamua njia nyingine, akaandika riwaya zake kwa Kikurdi, na ilimbidi afanye hivyo akiwa Uswidi.

Waarmenia pia. Mwaka 2005 Pamuk aliliambia gazeti moja la Uswisi kwamba katika ardhi ile waliuawa Wakurdi 30,000 na Waarmenia milioni moja, na hakuna anayethubutu kulisema. Akashtakiwa kwa kifungu cha 301, kosa la kuudhalilisha Uturuki. Kesi ikafutwa Januari 2006. Mwaka huo huo mwandishi Elif Şafak akashtakiwa kwa kifungu hicho hicho kwa ajili ya *Baba ve Piç*, na kilichoshtakiwa humo ni maneno ya wahusika. Fundi, uliniuliza mambo ya kubuni yana uzito gani. Serikali nzima ilipeleka mahakamani sentensi ya mtu ambaye hayupo. Aliachiwa Septemba, na Oktoba Pamuk akapewa Nobel, Mturuki wa kwanza, huku nusu ya nchi ikishangilia na nusu ikimwita msaliti.

Tarehe 19 Januari 2007 Hrant Dink, mhariri wa gazeti la *Agos*, Mwarmenia na raia wa Uturuki, alipigwa risasi mchana mbele ya ofisi yake Istanbul. Naye alikuwa ameshahukumiwa kwa 301. Kwenye picha ya siku ile amelala kifudifudi na soli ya kiatu chake imetoboka. Mazikoni watu kwa maelfu walibeba mabango yaliyosema sote ni Hrant Dink, sote ni Waarmenia. Mabango yale yana miaka mingi sasa, na mimi bado nikiyaona kwenye picha koo linanikauka. Ni sentensi ambayo hakuna riwaya ya miaka ya nyuma ingethubutu kumpa mhusika wake aiseme barabarani.

---

Mzee wa Kwata

Kijana, mimi ni askari mstaafu na nina la kuchangia. Tulipokuwa depo tulifundishwa kwamba *afande* ni neno la Kituruki, na askari wa zamani, wa Mjerumani na wa Mwingereza, walikuwa na vyeo kama *ombasha* na *shaushi* vilivyokuja na wanajeshi kutoka Sudan na Misri. Ni kweli?

---

Mtoto wa Chumbageni

Ni kweli mzee wangu. *Onbaşı* ni mkuu wa watu kumi, *çavuş* ndiye shaushi wetu, na afande ni *efendi*, bwana. Na tazama ajabu yake: mwezi Novemba 1934 sheria ilifuta vyeo vya heshima kule, *efendi*, *bey*, *paşa*, mwaka ule ule ambao kila mtu alitakiwa kuchagua jina la ukoo, na Mustafa Kemal akapewa la Atatürk. Kwa sheria efendi amekufa. Kwenye riwaya hajafa. *Kürk Mantolu Madonna* ya Sabahattin Ali, ya mwaka 1943, mhusika wake ni Raif Efendi, karani mkimya anayedharauliwa na ofisi nzima, kumbe ana daftari la mapenzi yaliyompata Berlin akiwa kijana. Mtu wa ndani kabisa anabaki na cheo kilichofutwa. Sabahattin Ali mwenyewe aliuawa mwaka 1948 karibu na mpaka wa Bulgaria akijaribu kuikimbia nchi, na kitabu chake, zaidi ya nusu karne baadaye, kikawa ndicho vijana wa Uturuki wanachokishika mkononi kwenye treni.

---

Nyota ya Likoni

Mimi nataka kuanza leo. Nianze na kipi? Nina muda wa usiku tu, watoto wakishalala.

---

Mtoto wa Chumbageni

Kwako dada, anza na Mevlut na boza yake. Ni kinene lakini kinakwenda kama hadithi ya mtaani, kila mtu anaingilia kati kusimulia upande wake, na wanawake wamo wanasema kwa sauti zao. Kisha *Kar*, ukiwa na maswali yako yale yale uliyoniuliza. Tanpınar muache wa mwisho, anataka asubuhi na akili tulivu. Fundi aanze na *İnce Memed*, atakimaliza kwa siku mbili. Sabahattin Ali ni kifupi, mzee wa kwata anaweza kukimaliza kati ya adhuhuri na isha.

Juzi nilimpigia mwenye nyumba wangu kumuuliza kama naruhusiwa kuisimulia hapa habari ya ile picha. Aliitika kama anavyoitika siku zote, "Efendim?" Akasema sawa, ila nisitaje jina la mama yake. Kisha akaniuliza naja lini. Amenunua lenzi ya kukuzia maandishi, ameiweka ndani ya bahasha ile ile, anataka tujaribu tena lile neno la tatu.